Betri Dhidi ya Injini: Magari ya Umeme ya Uchina na Maslahi ya Kanda ya Ziwa

Barabara kuu itokayo mjini Mwanza kwenda Shinyanga hupita Butimba kabla ya kufika kituo cha mabasi cha Nyegezi. Mtu atakaye kujifunza historia ya viwanda vya magari duniani halazimiki kusafiri mpaka Detroit wala Wolfsburg. Yatosha asimame kando ya barabara hiyo kwa muda wa saa moja na kuyasoma majina yaliyoandikwa nyuma ya magari yapitayo. Magari madogo na daladala karibu yote ni ya Kijapani: Toyota, Nissan, Suzuki na Mitsubishi. Bajaji za magurudumu matatu zimetoka India. Mabasi mengi yaendayo Dodoma na Dar es Salaam ni Yutong, Zhongtong na Higer kutoka Uchina, na malori mengi yabebayo mchanga na saruji ni Howo na FAW, ya nchi hiyo hiyo.

Miaka hamsini iliyopita orodha hiyo ingekuwa nyingine kabisa. Wazee wanazikumbuka Land Rover, Bedford na Leyland za Uingereza, na Peugeot 404 ya Ufaransa iliyosifiwa kwa kustahimili barabara za vumbi. Majina hayo hayakutoweka kwa bahati mbaya. Kila mara palikuwapo sababu ya kiuchumi au ya kiufundi iliyomwondoa mwenyeji na kumweka mgeni mahali pake.

Leo badiliko jingine limekwisha kuanza, nalo huenda likawa kubwa kuliko yote yaliyotangulia, kwa maana safari hii hakibadiliki jina la gari tu, bali kinabadilika kile kinacholiendesha. Mwaka 2023 Uchina iliipita Japani ikawa nchi inayouza nje magari mengi kuliko nchi yoyote. Mwaka 2025 kampuni ya BYD ya mjini Shenzhen iliuza magari yaendayo kwa betri pekee yapatayo milioni 2.26, ilhali Tesla ya Marekani, iliyokuwa ikiongoza, iliuza yapatayo milioni 1.64. Makala hii inakusudia kueleza jinsi jambo hilo lilivyowezekana, na kwa nini linamhusu mkazi wa Butimba ambaye pengine hajapata kuliona gari la namna hiyo hata mara moja.

MGENI WA JANA NI MWENYEJI WA LEO

Yafaa tukumbuke kwamba Wajapani nao walikuwa wageni. Mwaka 1973, vita vya Mashariki ya Kati vilipozusha msukosuko wa mafuta, bei ya petroli ghafi ilipanda takriban mara nne katika muda wa miezi michache. Viwanda vya Marekani wakati huo vilikuwa vikiunda magari makubwa na mazito yaliyokunywa mafuta mithili ya ng'ombe anywavyo maji wakati wa kiangazi. Wajapani walikuwa na magari madogo yaliyobana matumizi. Tena walikuwa wamebuni utaratibu wa kiwandani wa kupunguza upotevu wa kila aina: wa muda, wa vipuri na wa nguvu kazi. Wakubwa wa Detroit waliwadharau mwanzoni. Walipozinduka, soko lilikuwa limekwisha gawanyika.

Magari hayo ya Kijapani yalipokwisha kutumika huko kwao, ndiyo yaliyokuja kutujazia barabara baada ya biashara ya nje kulegezwa kuanzia katikati ya miaka ya 1980. Sababu moja ilikuwa bei. Sababu ya pili hutajwa kwa nadra, nayo ina uzito mkubwa: Japani, kama Tanzania, huendesha magari upande wa kushoto wa barabara, kwa hiyo usukani wa gari la Tokyo uko pale pale unapotakiwa kuwa Mwanza. Jambo hili la usukani tutalirudia.

INJINI NA MOTA

Injini ya petroli ni mtambo wa ajabu. Mafuta na hewa huchanganywa, huwashwa kwa cheche, na mlipuko mdogo husukuma pistoni. Milipuko hiyo hutokea maelfu ya mara kwa dakika moja. Ili mtambo huo ufanye kazi vizuri hauna budi kuwa na mamia ya sehemu zinazojongea, mafuta ya kulainisha, mfumo wa kupoza, gia za kugeuza mwendo na bomba la kusafisha moshi. Pamoja na ustadi wote huo, sehemu kubwa ya nishati iliyomo katika petroli hupotea kuwa joto. Katika kila sehemu kumi za nishati, ni mbili au tatu tu zifikazo kwenye magurudumu.

Mota ya umeme ina sehemu chache zinazojongea, na kanuni yake imejulikana tangu majaribio ya Michael Faraday ya mwaka 1821. Gari la umeme hufikisha kwenye magurudumu sehemu nane au zaidi kati ya kumi za umeme uliomo katika betri. Aidha, gari likishuka mteremko, tuseme kutoka kilima cha Bugando, mota hugeuka kuwa jenereta na kurudisha sehemu ya nishati katika betri, badala ya kuipoteza yote kwa joto la breki.

Tufanye hesabu ndogo. Gari dogo la petroli hutumia lita 8 hivi kwa kilomita 100. Tukichukua kwa mfano bei ya shilingi 2,900 kwa lita, safari hiyo yagharimu shilingi 23,200. Gari la umeme la ukubwa huo hutumia uniti 18 hivi za umeme, pamoja na zile zinazopotea wakati wa kuchaji. Kwa bei ya shilingi 356 kwa uniti, kodi na tozo zikiwamo, gharama ni shilingi 6,408. Tofauti hiyo, ya zaidi ya mara tatu, haitokani na ruzuku ya mtu yeyote. Inatokana na maumbile ya mitambo yenyewe.

Msomaji atauliza: kama mambo ni hivyo, kwa nini dunia ilitumia petroli kwa zaidi ya miaka mia moja? Jibu ni betri. Mnamo mwaka 1900 magari ya umeme yalikuwa mengi katika miji ya Marekani, na watu wengi waliyapenda kwa kuwa hayakuwa na kelele wala moshi. Lakini betri za risasi zilikuwa nzito, na mwendo wake ulikuwa mfupi. Mwaka 1912 Charles Kettering alipoipatia Cadillac kiwashio cha umeme, na dereva akaepukana na adha ya kuizungusha injini kwa mkono, gari la petroli lilishinda.

Tangu hapo injini ikawa ngome ya viwanda vikubwa. Mtu aliyetaka kuunda magari alipaswa kwanza kujifunza ustadi uliolimbikizwa na Wajerumani, Wamarekani na Wajapani kwa vizazi vitatu au vinne. Uchina ilijaribu kuivamia ngome hiyo kwa miaka mingi na haikufaulu. Ndipo ilipoamua kuizunguka.

KIVUKO CHA IONI

Ili tuelewe jinsi Wachina walivyoizunguka ngome hiyo, hatuna budi kutazama ndani ya betri. Msomaji wa Mwanza anaweza kuikumbuka safari ya Kigongo na Busisi kabla ya Daraja la J. P. Magufuli kufunguliwa mwezi Juni 2025. Abiria walivuka maji ya ghuba kwa kivuko, wakaenda ng'ambo na kurudi. Betri ya lithiamu yafanya kazi kwa mfano huo. Ioni za lithiamu ndizo abiria. Umajimaji uliomo baina ya ncha mbili ndio maji ya ghuba. Betri inapochajiwa, ioni huvushwa kwenda ncha hasi, iliyotengenezwa kwa kinywe, nazo hujipanga baina ya matabaka yake. Gari linapokwenda, ioni hurudi kwenye ncha chanya. Elektroni haziruhusiwi kupanda kivuko. Hulazimika kuzunguka kwa njia ya nchi kavu, yaani kupitia waya, na katika mzunguko huo ndipo zinapoifanya kazi ya kuizungusha mota.

Kinywe cha ncha hasi kinatumika karibu katika betri zote za magari. Mashindano makubwa yamekuwa juu ya ncha chanya. Betri ya kwanza ya aina hii iliyouzwa madukani, ya kampuni ya Sony mwaka 1991, ilitumia kobalti. Baadaye viwanda vya Japani, Korea na vile vya Ulaya na Marekani vikapendelea mchanganyiko wa nikeli, manganisi na kobalti, kwa kuwa unahifadhi nishati nyingi katika uzito mdogo.

Katika miaka ya 1990, kwenye maabara ya Profesa John Goodenough katika Chuo Kikuu cha Texas, iligunduliwa njia nyingine: fosfeti ya chuma na lithiamu. Chuma na fosfeti ni vitu rahisi vinavyopatikana kwa wingi. Betri ya aina hiyo haishiki moto kwa urahisi, na yaweza kuchajiwa maelfu ya mara kabla ya kuchakaa. Kasoro yake ni moja: kwa uzito ule ule huhifadhi nishati pungufu. Kwa sababu hiyo wataalamu wengi wa nchi za Magharibi waliiweka kando, wakiiona haifai kwa gari la abiria. Goodenough alipewa Tuzo ya Nobeli ya kemia mwaka 2019 pamoja na Stanley Whittingham na Akira Yoshino. Alifariki mwaka 2023, akiwa amefikisha umri wa miaka 100. Hata hivyo, matunda ya ugunduzi wa Texas yalivunwa Shenzhen na Ningde.

Wang Chuanfu, mwanzilishi wa BYD, ni mwanakemia. Mwaka 1995 alianza kutengeneza betri ndogo, na baadaye akawa akiviuzia viwanda vya simu za mkononi. Mwaka 2003 alinunua kiwanda hafifu cha magari, na wengi waliokuwa na hisa katika kampuni yake walilikasirikia jambo hilo. Mwaka 2011 ikaanzishwa mjini Ningde kampuni ya CATL, ambayo sasa ndiyo kubwa kuliko zote duniani kwa betri za magari. Kampuni hizi hazikugundua kemia mpya. Ziliiboresha ile iliyodharauliwa. Mwaka 2020 BYD ilileta betri yenye seli ndefu na nyembamba mfano wa ubapa wa upanga, zinazopangwa moja kwa moja ndani ya kasha bila visanduku vya katikati. Nafasi iliyookolewa ikajazwa seli zaidi, na ile kasoro ya uzito ikapungua sana. Mwaka 2024 betri za fosfeti ya chuma zilikuwa karibu nusu ya betri zote za magari ya umeme duniani, na huko Uchina zilikaribia robo tatu.

MPANGO WA MUDA MREFU

Haikuwa kazi ya kampuni peke yake. Tangu mwaka 1993 Uchina imekuwa ikiagiza mafuta mengi kuliko inayouza nje, na viongozi wake waliona hatari ya kuitegemea bahari kwa kila pipa la mafuta. Mwaka 2001 gari la umeme liliingizwa katika mpango wa taifa wa utafiti wa teknolojia ya juu. Mhandisi Wan Gang, aliyesoma Ujerumani na kufanya kazi katika kampuni ya Audi, alirudi nyumbani, akashika usukani wa utafiti huo, na kuanzia 2007 hadi 2018 akawa waziri wa sayansi na teknolojia. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: katika injini Uchina itakuwa nyuma daima, lakini katika umeme wote wanaanza mstari mmoja.

Kuanzia mwaka 2009 serikali ilitoa ruzuku kwa mabasi na teksi za umeme katika miji iliyochaguliwa, kisha kwa magari ya watu binafsi. Ruzuku ya taifa kwa wanunuzi ilikoma mwishoni mwa 2022. Kufikia mwisho wa 2017 mabasi yote ya jiji la Shenzhen, zaidi ya 16,000, yalikuwa ya umeme. Kila kiwanda kilichoongezeka kiliwafundisha mafundi wapya, na kila fundi aliyehitimu aliipunguza bei. Mwaka 2010 betri ya gari iligharimu zaidi ya dola 1,000 kwa kila uniti moja ya umeme inayoweza kuhifadhi. Mwaka 2024 wastani ulikuwa dola 115.

Isidhaniwe kwamba njia ilikuwa laini. Kampuni nyingi za Kichina zilizozaliwa kwa ruzuku zimekufa; WM Motor, iliyowahi kutajwa miongoni mwa chipukizi wakubwa, iliomba kufilisiwa mwaka 2023. Vita vya bei baina ya zilizobaki vimezinyang'anya faida. Aidha, zaidi ya nusu ya umeme wa Uchina bado hutokana na makaa ya mawe, kwa hiyo moshi haukwisha. Sehemu yake imehama tu kutoka mjini kwenda kwenye vituo vya umeme.

VIWANDA VIKONGWE VYAYUMBA

Volkswagen iliingia Shanghai kwa ubia mwaka 1984, na kwa miaka mingi jina lake liliongoza mauzo nchini Uchina. Mwaka 2023 BYD iliipita. Katika mwaka huo huo Volkswagen ilitangaza kununua hisa katika kampuni changa ya Kichina ya Xpeng, kwa dola zipatazo milioni 700, ili washirikiane kuunda magari ya umeme. Mwalimu aliyekuja kufundisha sasa alikuwa akilipa karo. Mwezi Desemba 2024 kampuni hiyo ilikubaliana na vyama vya wafanyakazi kupunguza nafasi zaidi ya 35,000 za kazi nchini Ujerumani ifikapo 2030.

Kisa cha Nissan kinasikitisha zaidi. Ndiyo iliyouza Leaf, gari la umeme la watu wa kawaida, tangu Desemba 2010, mbele ya karibu wote. Lakini haikuwekeza vya kutosha katika betri, na kiwanda chake cha betri ikakiuza kwa Wachina. Mwaka 2025 ilitangaza kupunguza wafanyakazi 20,000.

Nchi za Magharibi zimejibu kwa ushuru wa forodha. Mwaka 2024 Marekani ilitoza asilimia 100 kwa magari ya umeme ya Uchina, na Umoja wa Ulaya ukaongeza ushuru wa hadi asilimia 35.3 juu ya asilimia 10 ya kawaida. Hata hivyo tusiharakishe kuandika tanzia. Toyota ingali kampuni kubwa kuliko zote, ikiuza zaidi ya magari milioni 10 kwa mwaka, na magari yake yenye injini na mota kwa pamoja yanapendwa sana. Vita havijakwisha, lililo dhahiri ni kwamba uwanja wa vita umehamishwa kutoka kwenye injini kwenda kwenye betri.

USUKANI WA KULIA

Kwa nini basi magari haya hayajaonekana kwa wingi Butimba? Bei ni sababu ya kwanza, na uhaba wa vituo vya kuchaji ni ya pili. Ya tatu ni ule usukani. Wachina huendesha upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo magari yaliyokwisha kutumika kwao yana usukani wa kushoto. Hayawezi kutumiminikia kama yalivyotumiminikia yale ya Japani. Ethiopia, ambako nako huendeshwa upande wa kulia, ilipiga marufuku uingizaji wa magari binafsi ya petroli na dizeli mwaka 2024, kwa hoja kwamba nchi isiyo na mafuta lakini yenye umeme wa maji haina sababu ya kumaliza fedha za kigeni kwa petroli. Magari ya Kichina yamejaza pengo hilo.

Kizuizi cha usukani, hata hivyo, hakitadumu. Mwezi Julai 2024 BYD ilifungua kiwanda Rayong, Thailand, nchi inayoendesha upande wa kushoto kama sisi. Magari yanayouzwa leo Bangkok, Sydney na London yatakuwa yaliyokwisha kutumika kesho, na yatatafuta wanunuzi. Nchini Kenya kampuni ya BasiGo imekuwa ikiendesha mabasi ya umeme mjini Nairobi tangu 2022, ikianza na mabasi ya BYD. Mjini Kigali kampuni ya Ampersand tangu 2019 imekuwa ikibadilishia waendesha pikipiki betri iliyokwisha kwa iliyojaa. Kwa maoni yangu, Mwanza itaingia katika zama hizi kwa bodaboda na bajaji kabla ya gari dogo, kwa kuwa betri yake ni ndogo, na mwenye chombo huanza kuiona faida siku hiyo hiyo anapohesabu mapato yake.

NIKELI YA KABANGA

Hapa ndipo jambo linapotugusa kwa uzito. Kabanga, wilayani Ngara, pana akiba kubwa ya nikeli pamoja na kobalti na shaba, iliyochunguzwa tangu miaka ya 1970. Mwezi Januari 2021 serikali ilitia saini mkataba ulioipa asilimia 16 ya hisa katika kampuni ya Tembo Nickel, na kiwanda cha kusafisha madini kikapangwa kujengwa Buzwagi, Kahama. Matumaini ya Kanda ya Ziwa yalielezwa kwa maneno mafupi: dunia inataka magari ya umeme, magari yanataka nikeli, nikeli tunayo.

Hoja hiyo ilikuwa sahihi kwa betri walizozichagua Wakorea na Wajapani. Betri iliyoshinda Uchina, ile ya fosfeti ya chuma, haina nikeli hata chembe, wala haina kobalti. Pamoja na hayo, Indonesia, iliyokataza kuuza nje nikeli ghafi tangu Januari 2020, imejenga viyeyushio kwa mtaji wa Kichina na sasa huchimba zaidi ya nusu ya nikeli ya dunia. Bei ikaanguka. Mwaka 2024 kampuni ya BHP ilisimamisha shughuli zake za nikeli Australia, na mwaka 2025 ikauza hisa zake katika mradi wa Kabanga. Jirani zetu wa Kongo yamewafika kama hayo kwa kobalti. Kwa kuporomoka kwa bei, mwezi Februari 2025 serikali yao ilisimamisha kuiuza nje, kisha ikaweka mgao.

Haina maana kwamba Kabanga haina thamani. Sehemu kubwa ya nikeli ya dunia hutumika katika chuma kisichoshika kutu, na magari ya kwenda masafa marefu bado yanatumia betri za nikeli. Maana yake ni kwamba mali iliyo ardhini huongezeka au hupungua thamani kwa uamuzi wa mwanakemia aliye katika maabara ya mbali. Nchi isiyo na wanakemia wake wa kuutambua uamuzi huo mapema itazisikia habari zake sokoni, baada ya bei kuanguka.

Kuna upande wa pili ulio wa heri. Kinywe, ambacho tunacho Mahenge na katika mkoa wa Lindi, kinatumika katika betri za pande zote mbili. Lakini zaidi ya asilimia 90 ya kinywe cha betri husafishwa Uchina, ambayo tangu Desemba 2023 hutaka kibali maalumu kwa kukiuza nje. Aliye na mchanga mweusi anauza kwa bei ya mchanga. Anayeusafisha na kuuviringisha kuwa chembe laini ndiye auzaye betri.

UMEME WETU NA MAFUNDI WETU

Bwawa la Julius Nyerere huko Rufiji lina mitambo tisa yenye jumla ya megawati 2,115, na yote ilikamilika mwaka 2025. Kwa hiyo umeme wa kuanzia upo. Mtu mwenye soketi ya kawaida nyumbani, akiacha gari likichajiwa usiku kucha, ataamka na umeme wa kumfikisha zaidi ya kilomita 100. Tatizo litatokea pale ambapo wengi watachaji kwa wakati mmoja. Magari 9,000 yakichajiwa pamoja kwa kilowati 7 kila moja yatataka megawati 63, ambazo ni sawa na uwezo wote wa kituo cha Nyakato cha mafuta mazito. Dawa yake yajulikana, nayo ni mita zinazouza umeme kwa bei nafuu usiku wa manane, wakati mashine na majiko yamelala. Transfoma za mitaani nazo zapasa kukaguliwa mapema, wala isisubiriwe ziungue.

Gereji za Mkuyuni na Butimba zinaishi kwa plagi, oili, klachi, mikanda na mabomba ya moshi. Gari la umeme halina hata kimoja cha hivyo. Breki, tairi, shokapu na bodi zitabaki, lakini kazi mpya itakuwa ya kupima seli, kutengeneza sakiti na kushughulika na umeme wa volti 400 unaoua kwa kosa moja. Kijana anayeingia leo kujifunza ufundi wa magari atakuwa kazini hadi miaka ya 2060. Akifundishwa kabureta peke yake, tutakuwa tumemdhulumu.

YATUPASAYO

Kwanza, wakaguzi wetu wa viwango wapewe vyombo vya kupima afya ya betri kabla gari la umeme lililotumika halijaingia nchini. Gari la petroli lililochoka hurekebishwa. Betri iliyochoka ni sehemu kubwa ya thamani ya gari iliyokwisha kuliwa na mtu mwingine. Pili, itungwe sheria ya mahali pa kupeleka betri zilizokufa, kwa maana chumvi zilizomo zina florini, na mji uliojengwa juu ya miamba inayoteremka ziwani hauna bonde la kuficha takataka. Tatu, vyuo vya ufundi vya Mwanza vianze sasa somo la betri na mota, na walimu wa sayansi wafundishe kemia hii kwa mifano ya hapa hapa. Nne, mikataba ya madini yetu isifungwe kwa kutazama bei ya mwaka mmoja. Iambatane na nafasi za vijana wetu kufanya kazi ndani ya maabara na viwanda vya kusafishia, si machimboni tu.

Wachina walihitaji miaka ishirini hivi tangu mpango wa 2001 hadi kuwashinda wakongwe. Katika miaka hiyo hawakuwa na mafuta ya kutosha wala siri ya injini. Walikuwa na mpango usiobadilika kila bajeti, na watu waliosomea kemia wakapewa kazi ya kemia. Butimba haitaunda magari kesho, wala si lazima iunde. Lakini kama betri, umeme, kinywe na ufundi vitapita mbele ya macho yetu bila mkono wetu hata mmoja kuvigusa, basi majina yaliyo nyuma ya magari barabarani yatabadilika kwa mara nyingine, na sisi tutabaki vile vile, wasomaji wa majina.